Mtihani wa AP: Hiyo Lazima Imwangukie Nani Kwanza?

Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, eneo la Dallas, Texas. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya waliokuwa kazini siku hiyo.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, hamjambo? Na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, habari za masomo? Sogeeni mbele kidogo, maana maneno ya leo yanawahusu ninyi kuliko sisi.

Swali lililotukutanisha ni fupi. Mtoto anasoma somo la AP (Advanced Placement), yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa high school. Mei inafika. Je, shule imlazimishe kufanya mtihani, au iwaachie yeye na wazazi wake waamue?

Najua kwa wengi wetu swali lenyewe linashangaza. Aliyesoma Tanzania anajua kwamba kidato cha sita kinaishia kwenye karatasi za NECTA. Aliyesoma Kenya anaijua KCSE. Aliyesoma Kongo anaijua Exetat na usiku wa kusubiri matokeo. Kule nani anauliza kama mtihani ni lazima? Mtihani ndio unaokupa cheti, na usipoufanya ni kama hukusoma. Kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani akasema, "Baba, mtihani wa AP si lazima," baba anaona mtoto anakwepa shule. Pole baba, huenda mtoto anasema kweli.

AP ni vitu viwili, na vurugu nyingi majumbani mwetu zinatokana na kuvichanganya. Kuna somo, na kuna mtihani. Somo linafundishwa shuleni, mwalimu anatoa A yake au C yake, na alama hiyo inaingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake. Shule nyingi huliongezea somo la AP uzito: A inayohesabiwa 4 katika somo la kawaida huhesabiwa 5 katika AP. Hilo ni somo. Mtihani ni jambo lingine. Unatungwa na College Board, shirika lisilo la serikali lililoanzishwa mwaka 1900, na mitihani ya AP chini ya shirika hilo ilianza katikati ya miaka ya 1950. Hufanyika kwa wiki mbili ndani ya Mei, na matokeo hutoka Julai kwa kipimo cha 1 hadi 5.

Julai, ndugu zangu. Shule imeshafungwa, alama za mwalimu zimeshaandikwa, kijana wa darasa la 12 ameshavaa joho na kupiga picha. Matokeo ya AP hayawezi kurudi nyuma yakamfelisha somo wala kumnyang'anya diploma. Na College Board yenyewe haimlazimishi mwanafunzi wa darasa la AP kukaa kwenye mtihani. Penye lazima, ujue imewekwa na shule, na wilaya ya shule, au na jimbo.

Msimamo wangu nausema mapema, msije mkausubiri hadi mwisho. Watoto wetu wengi wanaosoma AP inafaa wafanye mtihani. Lakini lazima, ikiwepo, iiangukie shule kwanza: imalize mtaala, ilipe ada, na isiitumie alama ya siku moja kama fimbo. Shule ambayo haijatimiza hayo haina haki ya kumwambia mtoto "lazima".

Nianze na hoja ya wanaotaka lazima, maana ni hoja nzito na sitaki tuipite mbio.

Tangu mwaka 2007, mwalimu anayetaka somo lake liitwe AP hupeleka mpango wa somo College Board ukaguliwe na kuidhinishwa. Ni vizuri, lakini kinachokaguliwa ni karatasi. Hakuna mkaguzi anayekuja kukaa darasani kuanzia Agosti hadi Mei. Chukueni Calculus AB, somo la hesabu za juu. Ina vitengo vinane. Mwalimu ameviandika vyote vinane kwenye mpango, mpango umepita, jina la AP limepatikana. Mwaka unaenda, kuna wiki za mapumziko, kuna siku za mitihani ya jimbo, mwalimu anahama Januari na anakuja wa muda. Mei inawakuta kitengo cha tano. Wale watoto hawajagusa intigrali hata moja, na vitengo vitatu vya mwisho, ambavyo ndivyo vya intigrali na jamaa zake, hubeba theluthi ya mtihani au zaidi. Lakini A zimetolewa. GPA imepanda. Nani atajua kwamba wamefundishwa nusu?

Mtihani utajua. Mtihani ni jicho la mtu wa nje.

Hapa Texas kuna sababu moja zaidi. Tangu mwaka 1997 sheria ya jimbo inampa mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma. Chuo cha UT Austin kina kiwango chake kikali zaidi, na kwa wanaoingia mwaka 2026 kimeshuka hadi asilimia 5. Sasa, nafasi ya mtoto katika orodha ya shule inategemea GPA yenye uzito, na uzito unatoka kwenye masomo ya AP. Mnaona? Kijana anaweza kuchukua AP sita kwa ajili ya uzito tu, asifanye mtihani hata mmoja, na bado akapanda orodha. Wanaotaka lazima wanasema: ukitaka uzito, onyesha kazi. Mimi siwapingi kwa hilo. Nawauliza tu: je, ninyi mmeonyesha kazi yenu?

Kuna shule moja Los Angeles Mashariki iitwayo Garfield. Mwaka 1974 aliajiriwa hapo mwalimu kutoka Bolivia, Jaime Escalante. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wahamiaji wa Mexico, watoto wa watu wa vibarua, kama wengi wa watoto waliomo humu ndani. Mwaka 1982 wanafunzi 18 wa Garfield walifanya mtihani wa AP wa Calculus na kufaulu. Wasahihishaji wakaingiwa na shaka, majibu ya wanafunzi 14 yalifanana mno. Kumi na wawili kati yao wakakubali kurudia, wakapewa karatasi mpya, na wote kumi na wawili wakafaulu tena.

Hadithi hii hupendwa sana, na kila inaposimuliwa watu hukimbilia mwaka 1982. Mimi nawaomba muangalie miaka iliyotangulia. Escalante hakuanza na watoto 18. Mara ya kwanza waliofika hadi kwenye mtihani walikuwa watano tu. Ilibidi ajenge kutoka chini: aljebra ifundishwe vizuri kwa watoto wadogo, trigonometria ifuate, mwalimu wa pili apatikane, masomo ya asubuhi kabla ya kengele yaanzishwe. Ilimchukua miaka minane tangu aingie Garfield. Sasa fikirini kama mwaka wake wa kwanza mkuu wa shule angeamka akasema, "Kuanzia leo Calculus kila mtu lazima afanye mtihani." Angepata nini? Angepata ukumbi uliojaa watoto na rundo la alama 1. Mtihani wa Garfield ulikuwa na maana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ufundishaji.

Kwa hiyo shule ikija na lazima, muulize mwalimu, kwa heshima kabisa: mwaka jana ulimaliza vitengo vyote kufikia lini? Mwalimu mzuri hafichi. Atakwambia, "Nilimaliza katikati ya Aprili, wiki tatu zikabaki za marudio." Akisema hakumaliza, hiyo nayo ni taarifa. Muombe mtoto akuonyeshe ukurasa wa somo kwenye mtandao wa AP Classroom, vitengo vyote vimeorodheshwa, na muangalie pamoja kila mwisho wa mwezi darasa limefika wapi. Mzazi asiyejua hesabu hata kidogo anaweza kuhesabu vitengo.

Sasa tuje kwenye pesa. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Virginia, katika wilaya ya shule ya Fairfax, kulikuwa na kanuni kwamba anayesoma AP lazima afanye mtihani, na wilaya ndiyo iliyokuwa inalipa. Mwaka wa masomo wa 2010–2011 bajeti ikabana, wakaamua wazazi walipe dola 75 kwa kila mtihani. Wazazi wakauliza swali ambalo sisi pia tunapaswa kulijua: kama ni lazima, kwa nini nilipe? Shule ya umma ni bure. Ukinilazimisha kitu ili nikamilishe somo, kitu hicho ni sehemu ya somo. Mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba wilaya haina mamlaka ya kutoza ada kwa mtihani inaoulazimisha. Wilaya ikaachana na ada ile na kurudisha pesa.

Sheria ya Virginia haifungi Texas, lakini mantiki yake inasafiri. Yako majimbo yaliyoamua kulipa wenyewe. Florida, Arkansas na North Carolina yamekuwa yakilipia mitihani ya AP kwa wanafunzi wa shule za umma. Kwingine, tangu sheria ya elimu ya mwaka 2015 ilipoondoa mfuko maalumu wa serikali kuu wa kulipia mitihani ya watoto wa kipato cha chini na kuuchanganya na fedha nyingine za shule, kila jimbo na kila wilaya ina utaratibu wake. Ndiyo maana binamu wawili, mmoja Orlando na mmoja Dallas, wanaweza kuambiwa mambo tofauti kabisa, na wote wakawa wanasema kweli.

Hesabu yenyewe iko hivi. Katika mwaka wa masomo wa 2024–2025 ada ilikuwa dola 99 kwa mtihani mmoja. Mtoto wa familia ya kipato cha chini, kwa mfano anayepata chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, hupunguziwa na College Board dola 37, na shule hutakiwa kuachia dola 9 ambazo ingebaki nazo. Zinabaki 53. Mitihani minne ni dola 396 bila punguzo, na 212 kukiwa na punguzo. Mara nyingine wilaya huongeza ya kwake na mzazi akabaki na kidogo sana au bila chochote. Lakini sikilizeni: punguzo halimfuati mtoto lenyewe. Lazima mratibu wa AP wa shule amuwekee alama kwenye mfumo kwamba anastahili. Na hapo ndipo familia nyingi huanguka, kwa sababu fomu ya chakula haikujazwa Agosti, au shule nzima inapata chakula cha bure kwa mpango wa pamoja na kwa hiyo hakuna aliyejaza kitu. Mama, hata kama mtoto anakula bure bila fomu, nenda ofisini uulize: ninyi mnathibitisha kipato kwa njia gani kwa ajili ya AP? Kama familia inapata SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, chukua barua yake.

Wakati wa kuushika ni katikati ya Novemba. Si Mei. Mitihani ya somo la mwaka mzima huagizwa na shule kabla ya hapo, na mara nyingi shule huweka siku yake ya mwisho mapema zaidi, Oktoba. Ukichelewa, unaongeza dola 40 kwa kila mtihani. Ukiagiza kisha ukaghairi baadaye au usitokee, dola 40 nyingine. Somo linaloanza Januari lina tarehe yake, katikati ya Machi. Kwa hiyo uamuzi wa kufanya au kutofanya unafanywa wakati mtoto amesoma miezi mitatu tu, bado hajajua kama ataweza. Hili silipendi, nalisema wazi. Linawaumiza zaidi watoto wanaoanza polepole, na watoto wetu waliokuja nchini juzi mara nyingi huanza polepole, kisha Februari wanashika moto. Ushauri wangu: kama mtoto yuko kwenye C au zaidi mwezi wa Oktoba na anafanya kazi, agizeni. Dola 40 za kughairi zinauma, lakini kuagiza baada ya Novemba kunauma vilevile, na baada ya Machi mlango umefungwa.

Haya, alama ikishapatikana inafanya kazi gani?

Texas ina sheria ya mwaka 2015 inayosema chuo cha umma kisidai zaidi ya alama 3 ili kutoa krediti ya masomo ya mwanzo, isipokuwa kiwe na ushahidi kwamba somo hilo linahitaji alama ya juu zaidi. Majimbo zaidi ya 30 yana sera za namna hiyo. Kwa mtoto atakayekwenda chuo cha umma hapahapa, 3 ni mali. Inaweza kumfutia somo zima la muhula wa kwanza ambalo angelilipia. Lakini vyuo binafsi vina mambo yao. Chuo cha Dartmouth kiliacha kutoa krediti za AP za kuhitimu, kuanzia wanafunzi waliotarajiwa kumaliza chuo mwaka 2018. Vyuo vingine vya kiwango hicho vinataka 5, vingine vinakuruhusu tu kuruka somo la mwanzo bila kukupa krediti. Je, mtoto anayeelekea huko alazimishwe mitihani mitano katika Mei ya mwaka wake wa mwisho, wakati chuo alichokichagua hakitaipokea hata mmoja? Hapo mimi nasema hapana. Na mtoto wa darasa la 11, ambaye bado hajui ataenda wapi? Huyo afanye.

Vijana, hili linawahusu: 3 si kufeli. Wazazi, rudieni nami moyoni: 3 si kufeli. Sisi tumelelewa na asilimia, tukisikia mtoto amepata theluthi mbili ya pointi tunauliza nyingine zimekwenda wapi. Katika karatasi za Calculus zilizowahi kutolewa hadharani, takriban theluthi mbili ya pointi imewahi kutosha kupata 5, alama ya juu kabisa. Mtihani umetungwa uwe mgumu kuliko anavyotarajiwa mtu kuumaliza. Na tangu mwaka 2011 jibu lisilo sahihi halipunguzi pointi, kwa hiyo swali la kuchagua lisiachwe tupu hata sekunde zikibaki kumi.

Na alama ikiwa 1? Alama ya AP haiendi chuoni yenyewe. Mwanafunzi ndiye anayeituma. Kila mwaka anatuma mara moja bure kwa chuo kimoja, akichagua chuo hicho kabla ya Juni 20. Baada ya hapo analipia. Anaweza pia kuzuia alama fulani isionekane na chuo fulani, au kuifuta moja kwa moja. Linganisheni na masomo ya dual credit, yale ya chuo cha jamii yanayosomwa ukiwa high school. Tangu mwaka 2023 Texas ina mpango unaoitwa FAST, unaofanya masomo hayo kuwa bure kwa mtoto wa kipato cha chini kwenye vyuo vilivyojiunga. Ni mpango mzuri. Lakini D ya dual credit ni D ya chuo, imeandikwa kwenye rekodi ya chuo, na itamfuata hadi kwenye maombi ya msaada wa fedha. Alama 1 ya AP inaweza kubaki nyumbani. Nimewaona wazazi wanaamini kinyume chake kabisa, wanakimbia AP kwa kuogopa mtihani na kukimbilia dual credit wakidhani ndiyo salama.

Kuna jambo la siku yenyewe. Mei 2020, wakati wa korona, mitihani ya AP ilifanyiwa nyumbani kwa mtandao, ikapunguzwa hadi dakika 45. Mwanafunzi aliweza kuandika jibu kwenye karatasi, akalipiga picha, akaituma. Simu nyingi za iPhone zilikuwa zinahifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, na tovuti haikuupokea. Watoto walimaliza kazi, wakabonyeza, dakika zikaisha, picha ikagoma. Wengine wakaambiwa warudie Juni. Baadaye ikaongezwa njia ya kutuma kwa baruapepe, lakini walioumia wiki ya kwanza walikuwa wameshaumia. Mwaka mzima wa kusoma, ukaishia kwenye aina ya picha!

Sasa mitihani mingi inafanyiwa shuleni kwa programu ya Bluebook. Mabadiliko makubwa yalikuja Mei 2025. Historia na Kiingereza vinaandikwa vyote kwenye kompyuta. Calculus ni nusu kwa nusu: maswali yanaonekana kwenye skrini, majibu marefu yanaandikwa kwa mkono kwenye kijitabu. Programu isakinishwe siku kadhaa kabla, maandalizi ya mtihani yakamilishwe ndani yake, betri iwe imejaa. Mtandao ukikatika katikati, kijana aendelee kuandika, asifunge kompyuta; kazi inahifadhiwa na itatumwa mtandao ukirudi. Akiugua, au mitihani miwili ikigongana saa moja, au ikiangukia sikukuu ya dini, kuna siku za baadaye bila ada ya ziada, ila mratibu wa AP aambiwe. Waislamu mliomo humu, angalieni kalenda ya Mei mapema.

Mtoto anayehitaji muda wa ziada kwa sababu ya ulemavu au tatizo la kusoma, kibali kinaombwa College Board kabla ya katikati ya Januari. Barua ya shule peke yake haitoshi.

Kwa nini nimeyasema haya yote ndani ya mjadala wa lazima? Kwa sababu yako mashule yanayomwambia mtoto, "Usipofanya mtihani tunakuondolea uzito wa somo." Yaani miezi tisa ya kazi, insha, majaribio, usiku wa manane, inafutwa kwa asubuhi moja ya Mei. Hiyo ndiyo fimbo niliyoisema. Kumpa anayefanya mtihani nafuu ya kutofanya jaribio la mwisho la mwalimu, sawa. Kumvua mtu alichokwisha kukifanyia kazi, si sawa.

Na iko njia nyingine, na imejaribiwa mji huu huu. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya shule za Dallas ziliingia kwenye mpango uliofadhiliwa na wahisani. Hawakumlazimisha mtu. Walimu walipewa mafunzo, masomo ya ziada yakawekwa, ada ikapunguzwa, na mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi akalipwa pesa taslimu. Mwalimu wake naye akalipwa. Mchumi C. Kirabo Jackson aliufuatilia mpango huo Texas, akakuta waliofanya mitihani waliongezeka, waliopata alama za juu za SAT na ACT, mitihani ya kuombea chuo, waliongezeka, na waliokwenda chuo waliongezeka. Mambo ya kuwalipa watoto yana ubishi wake, tunaweza kubishana jioni nzima. Mimi nashika ile sehemu nyingine: watu wazima waliongezewa wajibu kwanza, watoto wakafuata kwa hiari yao.

Nimalizie na jambo ambalo karibu hakuna anayetuambia. Kufanya mtihani wa AP si lazima uwe umesoma somo la AP. Hakuna AP ya Kiswahili, kwa bahati mbaya, ingawa mtoto wako akisoma AP World History atakutana na miji ya pwani yetu na biashara ya Bahari ya Hindi, na hapo awafundishe wenzake. Lakini ipo AP ya Kifaransa. Kijana aliyesoma Bukavu, Bujumbura, au hata kambini Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo, amesoma kwa Kifaransa miaka kadhaa. Anaweza kumwambia mratibu wa AP, "Nataka kujisajili kwa mtihani tu," akapewa msimbo wa kujiunga. Ajiandae, maana si mazungumzo ya sebuleni: katika muundo wa mwaka 2025 kulikuwa na kujibu baruapepe rasmi kwa dakika 15, insha inayotumia vyanzo vitatu, mazungumzo ambayo kila jibu lilikuwa na sekunde 20, na hotuba ya dakika mbili kulinganisha tamaduni baada ya maandalizi ya dakika nne. Anayeongea vizuri lakini aliacha kuandika akiwa na miaka minane atajikwaa kwenye insha. Huyo aanze kuandika sasa, ukurasa mmoja kwa wiki. Huyu ndiye mtoto ambaye hakuna kanuni ya lazima itakayomgusa, kwa sababu hayumo darasani. Asipoambiwa na sisi, hataambiwa na mtu.

Kwenye zile meza mbili kuna kalenda, na katikati ya Novemba pamezungushiwa duara jekundu. Aliyekuja na fomu ya shule yenye neno "required", yaani lazima, na sehemu ya sahihi ya mzazi asiisaini bado. Ilete hapa, tuisome mstari kwa mstari, tuone inasema nani analipa. Mama uliyevaa kitenge cha bluu, nimeona una karatasi mkononi. Tuanze na yako.